Tulivyokwenda Masasi Kumchagulia Mama Hawa Maikrofoni

Nilimwahidi Mama Hawa kwamba siku ya harusi ya binti yake, wimbo wake utasikika hadi kwa mgeni aliyekaa nyuma kabisa. Yeye ndiye mwimbishaji wa kikundi cha akina mama hapa Mnyambe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sijatoka chuoni muda mrefu. Katika sherehe za karibuni ngoma zilikuwa zikizifunika sauti za akina mama hao, na kamati ya harusi ilikwisha kumwambia waziwazi: kikundi kisiposikika, utapigwa muziki uliorekodiwa, wa kwenye flashi. Niliona si haki mama anyamazishwe katika harusi ya mwanawe. Spika kikundi kilikuwa nayo. Kilichokosekana ni maikrofoni ya maana. Wakachanga, nami nikaongeza changu.

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta kituoni, khanga mpya mabegani.

“Shikamoo, Mama Hawa.”

“Marahaba, mwalimu. Umekunywa chai? Maana ukianza kuhutubia, tumbo hulikumbuki.”

Newala mjini tulibadili gari. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya bonde, na barabara ilipoanza kuteremka, harufu ya maua ya mikorosho iliingia madirishani. Kweli nilihutubia. Nilimweleza kwamba tunatafuta maikrofoni ya dainamiki: haihitaji umeme wake yenyewe, inavumilia vumbi na kuanguka, na husikia kilicho karibu na mdomo huku ikikipa kisogo kilicho nyuma yake.

“Kama mume wangu,” alisema, na abiria wa mbele yetu akacheka hadi akakohoa.

Masasi ilitupokea kwa jua na vilima vyake vya mawe. Katika duka la vyombo vya muziki karibu na soko, mwenye duka, Baba Rehema, alituletea kwanza maikrofoni isiyo na waya, yenye taa za rangi, akaijaribu mwenyewe.

“Alo, alo! Moja, mbili, tatu!”

“Huyo bibi harusi anaitwa Moja au Mbili?” Mama Hawa aliuliza. “Lete niimbe.”

Akaimba. Kila alipoanza mstari, neno la kwanza lilimezwa. Aliposogea karibu na spika, ilipiga mluzi mkali. Ya pili ilikuwa na sauti laini ajabu, lakini ilisikia hata pikipiki za nje. Nikaomba tuijaribu kwa ngoma. Ngoma haikuwepo, basi Mama Hawa akageuza ndoo ya plastiki na kunikabidhi.

“Piga, mwalimu. Usiionee huruma, haina mtoto.”

Nikapiga. Spika ikatoa sauti ya ndoo tu; mwimbaji hakusikika.

Ya tatu ilikuwa dainamiki ya waya, nzito mkononi, ya jina maarufu. Bei yake ilikuwa sawa na fedha zetu zote. Nilipiga ndoo kwa nguvu, na bado sauti ya Mama Hawa ilipanda juu yake, safi, kila neno likieleweka. Wauza mihogo wa jirani walisogea mlangoni wakaanza kumwitikia. Nilifurahi mno, nikatoa fedha mfukoni.

Mama Hawa akaacha kuimba. “Mbona nimebaki peke yangu? Watu hawa wanaitika, spika haitoi sauti zao.”

“Ndivyo inavyotakiwa, Mama Hawa. Inamsikia aliye karibu tu.”

“Inavyotakiwa na nani? Wimbo wetu ni wa kuitikiwa. Nikisikika peke yangu, watu watasema mama wa bibi harusi amechanganyikiwa, anajisemea.”

Baba Rehema akauliza, “Spika yenu ina matundu mangapi ya maiki?”

“Mawili,” nikasema, na papo hapo nikaelewa.

Akatoa dainamiki nyingine, zisizo na jina kubwa. Tulizijaribu vilevile, kwa ndoo na karibu na spika. Sauti zake zilikuwa nzito kidogo kuliko ile ya ghali, lakini hazikupiga mluzi, na kichwa cha chuma hakikubonyea kwa kidole. Kwa fedha zilezile tulipata mbili, pamoja na nyaya zake. Mama Hawa akashika moja, muuza mihogo akashika ya pili. Mmoja akaimba, mwenzake akaitika, na vigelegele vikajaza soko.

Jioni tulirudi Mnyambe, Mama Hawa akiwafundisha abiria kuitika.

Siku ya harusi ngoma zilipigwa kwa nguvu zote. Mama Hawa aliimba, wenzake watatu wakaitika wakiizunguka maikrofoni ya pili, na kutoka safu ya nyuma kabisa wageni nao waliitika. Bibi harusi alilia na kucheka kwa pamoja. Kijana wa flashi aliacha meza yake, akaingia kucheza.

Nimejifunza kuuliza wimbo unahitaji nini kabla sijauliza kifaa kipi ni bora. Nawe msomaji, nakuomba: kama una maikrofoni nzima iliyokaa tu kabatini, waazime akina mama wanaoimba mtaani kwenu.