Mkono wa Afande Chini ya Shali

Ogle ni dalali katika soko la mifugo la Garissa, na tangu tufahamiane sijawahi kumsikia akitaja umri wa kweli wa ngamia yeyote. Meno ya mnyama yakiwa yameisha, atakuambia huyu anakula polepole kwa sababu ana adabu. Mimi pia ni dalali, kwa hiyo simlaumu. Ninamwonea wivu tu.

Kwetu bei haitangazwi. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono, dalali akawafunika kwa shali, na humo chini vidole vinazungumza huku midomo ikisifu mvua. Kila kidole kinachobanwa kina maana yake. Mkono ukilala bila kusogea, maana yake ni moja: sina bei ya kukupa. Na yaliyosemwa chini ya shali hayatolewi nje. Dalali anayeyatoa hapati kazi tena, hata akihamia Modogashe.

Mwanawe Ogle, Abdijabar, ni mwanajeshi, na yuko ng'ambo ya mpaka, Somalia. Jeshi letu lilipoingia huko yeye alikuwa bado shule ya msingi, na tuliambiwa kazi yenyewe ni ya muda mfupi. Mtoto akakua, akaota ndevu, akajiandikisha, akaikuta vita inamsubiri.

Sababu za vita hiyo zilikuwa zinabadilika kama nauli. Kwanza ilikuwa kuwafukuza watekaji. Baadaye ikawa kulinda mpaka, halafu kuwasaidia majirani wajisimamie, halafu kulinda mafanikio yaliyokwisha kupatikana, ambayo hatukuonyeshwa hata moja. Sokoni tuliliongelea jambo hilo mpaka chai ikapoa.

"Mtu akibadilisha sababu ya kumuuza ngamia kila ukimuuliza," Ogle alisema, "ujue ngamia ana kasoro."

Hakuna aliyembishia. Kasoro za ngamia anazijua, nyingine kazificha mwenyewe.

Lakini Ogle hakuwa anafanya siasa. Abdijabar alikuwa amemposa Bilan, binti wa Deeq mwenye duka la vitambaa, na harusi ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya likizo zilizofutwa. Sasa Deeq, aliyechoshwa na maneno ya ndugu zake, alikuwa amesema basi. Aletewe tarehe ya kijana kurudi kabla ya Ijumaa, la sivyo yuko mchumba mwingine kule Eastleigh, anauza simu na hulala kwake kila usiku. Ramla, mama yake Abdijabar, alipopata habari hizo aliacha kumpikia mumewe chochote kinachohitaji kukorogwa.

Jumatano akaja afisa mkubwa kutoka Nairobi kuzungumza na wazee kuhusu usalama. Alizungumza vizuri, na kwa muda mrefu. Maswali yaliporuhusiwa, Ogle alikuwa ameshasimama na Kiswahili chake cha sokoni.

"Afande, sisi nauliza moja tu. Hii fita, tukishinda tutajua na nini?"

Afisa alilisifu swali hilo sana, kisha akajibu jingine.

"Sawa, Afande. Lakini fijana yetu narudi lini?"

"Kazi ikikamilika, mzee."

"Kazi gani?"

Watu wakacheka, na chifu akatangaza kwamba muda umekwisha.

Afisa akashuka kuwasalimia wazee, mmoja mmoja. Alipofika kwa Ogle akampa mkono, na kufumba na kufumbua Ogle alikuwa ameuvutia chini ya shali yake. Walinzi wawili wakaruka mbele. Mji huu si wa kumfunika afisa mkono kwa mzaha, na mimi nilianza shahada kimoyomoyo. Lakini afisa aliwazuia kwa jicho, akidhani anapewa baraka za wazee. Nikaona shali inatikisika, na dalali huusoma mtikisiko huo kama maandishi. Ogle alibana kidole kimoja, akangoja. Akabana viwili, akangoja. Akabana vyote. Kisha akamwachia mkono wake, akamshukuru, akatabasamu.

Tabasamu hilo ndilo lililoleta balaa. Kabla hatujafika sokoni, habari ilikuwa imetutangulia kwamba serikali imempa Ogle tarehe. Huyu anasema mwaka, yule anasema miezi, na mmoja aliapa aliona kwa macho yake kidole cha afisa kikijibu. Ogle aliulizwa, akanyamaza kama kazi yake inavyomtaka.

Alasiri tukaenda kwa Deeq. Nilikwenda kwa sababu mtu haendi kwa wakwe peke yake. Tukakuta mbuzi ameshachinjwa.

"Nimesikia ni mwaka mmoja," Deeq alisema, akitukaribisha kwenye mkeka. "Mwaka nitangoja. Alhamdulillahi."

Nikamtazama rafiki yangu. Hakuhitaji hata kusema uongo. Ilitosha anyamaze na ale nyama. Maisha yake yote amekula kwa kunyamaza. Nami, Mungu anisamehe, nilimkanyaga mguu ili anyamaze.

"Hakuna mwaka," Ogle alisema. "Nilimuuliza kwa vidole vyote, Deeq. Mkono wake ulilala kama mkate uliolowa chai. Hawana tarehe. Nadhani hata wao hawajui."

Deeq akaweka kisu chini. Nilikasirika, kwa sababu kwa sentensi hiyo Ogle alikuwa amempoteza mkwe na kuvunja amana ya kazi yetu, yote mbele yangu. Hapo pazia likafunguliwa, na Bilan akatoka na simu mkononi.

"Adeer Ogle," alisema, akimwita ami kwa heshima, "mnamuuliza kila mtu isipokuwa yeye."

Akapiga. Abdijabar akapokea, na Bilan akaiweka simu kwenye mkeka ili sote tusikie. Hakumsalimia.

"Mnalinda nini huko?"

"Kambi," Abdijabar alisema.

"Na kambi inalinda nini?"



"Inatulinda sisi."

Deeq alicheka, akajizuia. Bilan hakucheka.

"Basi omba kuacha kazi, uje tulinde duka," alisema. "Mshahara ni mdogo, na sitakungoja mara ya tatu."

Deeq akaitikisa simu, akidhani mtandao umekatika. Ogle alikuwa analia mbele ya mkwewe, na hakujificha. Kisha sauti ya kijana ikarudi, ya chini, ya mtu aliyetazama nyuma yake kwanza.

"Duka linafungwa saa ngapi?"

"Magharibi," Bilan alisema. "Kila siku."