Trekta Nililowachagulia Watu wa Adumi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1971, Fundi Mkuu wa karakana yetu ya Arua hakunipa spana. Alinishika mkono, akaubandika juu ya injini ya trekta kuukuu.

“Iko moto ama baridi?”

“Moto, bwana.”

“Basi muuzaji iko na siri. Rudi kesho asubuhi.”

Ninyi vijana mnaotaka mashine zilizotumika, anzieni hapo. Injini mbovu ikishapashwa moto huwaka bila shida; ikiwa baridi husema ukweli. Kisha chomoeni kijiti cha oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Trekta likiwa na koleo la mbele, lile sanduku la chuma la kuzolea udongo na mbolea, linyanyueni, mzime injini, msubiri. Koleo likishuka lenyewe, jeki zake za kulinyanyua zinavuja oili ndani. Msiogope, kwa wiki moja mtayazoea haya.

Fundi Mkuu aliongeza sheria moja: “Muuzaji anasukumia wewe mashine? Kimbia!” Niliishika kama dini.

Miaka mitatu baadaye nilihamishiwa Koboko, chini ya Bwana Kilimo, yule ofisa wa kilimo wa huko. Huko wakanifuata wakulima wa Adumi, wakiongozwa na Mzee Candia. Walikuwa wameuza ng'ombe wao wote wa kulimia ili wapate trekta moja. Tukikosea, hawakuwa na cha kuuza tena.

Hajati Zainabu, mjane wa mkandarasi wa barabara, alikuwa na matrekta mawili ya kuuza. Moja lilikuwa jekundu, bado linang'aa. Injini ilikuwa baridi kama jiwe, ikawaka mara moja, na koleo lilikaa juu mpaka tukamaliza chai. La pili halikuwa na boneti, lilitoa moshi mweusi, na koleo lake lilikuwa limeungwaungwa.

“Fundi, chukua hii mbaya,” alisema Hajati.

“Hajati, hii hata kuku atakataa kulala ndani!”

Wakulima wakacheka. Yeye hakucheka. “Mwanangu, hii inalima. Ile nyekundu watu wataona.”

“Kila mutu aone tu!” Mzee Candia akadakia. “Adumi pia iko na macho.”

Nikawaza: anasukuma, anataka kutubambikia mkweche. Nikachagua jekundu.

Lililima siku tisa. Siku ya kumi wanajeshi walilikuta shambani kando ya barabara, wakalizunguka wakilisifu, wakaliwasha, wakaenda nalo bila kulipa hata senti. Mzee Candia aliwafuata kwa miguu mpaka Arua, amebeba kikopo cha grisi nilichompa, asije akalikuta limekauka. Alirudi na kikopo chake.

Msimu ule Adumi walishika majembe ya mkono, na sehemu kubwa ya mashamba ikabaki majani. Lile bovu lilinunuliwa na mkulima wa Koboko. Hakuna aliyelitamani. Nilipoacha kazi mwaka 1979, bado nilikuwa nikilisikia asubuhi likikohoa kwenda shamba.

Sasa nimestaafu, na vijana huniletea mashine nizikague. Nawafundisha yote: mkono juu ya injini, kijiti, koleo. Kisha nawauliza ni nani atakayeiona mashine ikipita barabarani, na wao hudhani ni uzee.

Mzee Candia hakunilaumu hata siku moja. Kila tulipokutana sokoni Arua aliuliza kama nimesikia habari za trekta. Nikimwambia bado, ananishika bega yeye mwenyewe, ananituliza.

“Fundi, wewe ulichagua vizuri.”