Viatu Vilivyosahauliwa kwa Gundi

Kaka yangu alikuwa fundi viatu, na watu wote walimwita Gundi. Wengine walisema ni kwa sababu ya harufu, maana hata akivaa shati la Jumapili, ukimkumbatia ulinusa gundi. Wengine walisema ni kwa sababu akishakaa kwenye kigoda chake habanduki. Mwenyewe hakujali. "Mdogo wangu," aliniambia, "kuna majina mabaya zaidi. Muulize yule kinyozi wanayemwita Kipara."

Mungu alimchukua mwezi wa tisa. Alirudi kutoka ibadani, akala, akasema anajinyoosha kidogo, basi. Namwandika sasa kwa sababu Krismasi imepita, na katika Krismasi hiyo ndipo nilipoelewa kazi aliyokuwa akiifanya miaka yote mbele ya macho yangu.

Kibanda chake hakikuzidi ukubwa wa kitanda cha watu wawili. Ndani mlikuwa na kalibu ya chuma ya kugongea soli, msharasi wa kutobolea ngozi, kopo la uzi uliopakwa nta, na matairi yaliyokwisha ambayo aliyakata soli. Hakutupa kitu. Mkoba uliochanika uligeuka ulimi wa kiatu, na mkanda wa suruali uligeuka kamba za ndala. Nyuma ya kibanda kulipita mtaro, na kila Januari mtaro huo uliziba kwa karatasi za zawadi, zile za kung'aa. Kila Januari Gundi alizitoa kwa fimbo huku akinung'unika. "Zimekaa mikononi mwa watu dakika moja. Humu kwangu zitakaa mpaka Bwana arudi."

Juu kabisa, karibu na bati, palikuwa na rafu ya viatu ambavyo wenyewe hawakurudi. Chini ya kila soli aliandika tarehe kwa chaki. Mwaka ukipita bila mtu kuonekana, alivishusha, akavitia soli mpya, akavipaka rangi, akavirudisha juu. Siku moja alikuja bwana mmoja baada ya miaka miwili, amefura, kwamba ameviona viatu vyake kanisani kwenye miguu ya mtu mwingine.

"Vile si vyangu vile?"

"Vilikuwa vyako," Gundi alimjibu. "Vikachoka kukusubiri."

Yule bwana alicheka mpaka akakaa chini, na kabla hajaondoka aliacha viatu vingine.

Mimi ni mpokeaji wa wagonjwa kwenye zahanati. Kazi yangu ni kuita majina, na Mungu hakuninyima sauti. Kanisani nimo kwenye kwaya, mbele kabisa. Gundi alikaa safu ya mwisho, karibu na mlango, na jambo hilo lilinikera.

"Kaka, unamwogopa mchungaji?"

"Huku nyuma ndiko ninakoona vizuri."

"Unaona nini? Migongo ya watu?"

Alikuwa akitabasamu tu.

Kila Desemba nilipopita kibandani nilimkuta akimwambia mtu, "Wewe, viatu vyako ulivyovisahau viko tayari tangu juzi. Nikuwekee mpaka lini?" Mtu huyo alikuna kichwa, akapokea furushi lililofungwa kwa kitambaa. Vitambaa hivyo vilitoka kwenye mashuka yaliyochakaa, na mimi ndiye niliyevipinda kwa cherehani yangu. "Kitambaa kirudi," Gundi alimwambia. "Si cha kutupa." Nami nilidakia kwa sauti hii niliyopewa: "Jamani, watu wa hapa mna usahaulifu gani! Mtu anasahauje viatu?" Gundi alinikata jicho. Nilidhani anawaonea wateja wake haya.

Baada ya mazishi, mwenye kibanda alinieleza kwa upole kwamba mwaka mpya ukianza atampangisha fundi simu. Nikapewa Desemba yote kukiondoa kila kilichokuwamo. Siku ya kwanza nilipanda kwenye kigoda nikaitazama rafu ya juu. Kulikuwa na mafurushi tisa, yamefungwa tayari kwa vitambaa nilivyovipinda mimi. Kila moja lilikuwa na kipande cha boksi chenye mwandiko wake. Hakukuwa na jina hata moja. "Safu ya nne kushoto, anakanyagia nje." "Mzee wa kanisa, kisigino cha kulia kimeliwa." "Mama wa kufagia soko. Unyayo mpana, dole gumba limetokeza."

Nilikaa pale chini nikalia. Kisha nikafuta machozi nikasema, sawa, kaka, nimeelewa. Hizi ni zawadi za Krismasi, nami nitazifikisha. Kumbe sikuwa nimeelewa hata nusu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda sokoni. Yule mama alikuwa anafagia kati ya meza za mboga, na wauzaji walikuwa wanapanga bidhaa zao. Nilimwita kwa mbali, kama ninavyoita wagonjwa.

"Mama! Nimekuletea zawadi yako ya Krismasi! Marehemu kaka yangu aliona viatu vyako vimetoboka, akakutengenezea vingine. Pokea tu, usione aibu!"

Ufagio ulisimama. Meza zote ziligeuka kumtazama miguu. Muuzaji mmoja wa nyanya akasema, "Kwani si kweli, mama? Dole linachungulia, linatafuta Desemba imefika wapi." Wakaangua kicheko.

Yule mama hakucheka. Aliuvuta mguu mmoja nyuma ya mwingine.

"Mimi sijaomba kitu kwa mtu," alisema. "Wala kaka yako hajawahi kunipa zawadi, hata siku moja. Kaka yako alikuwa na adabu zake. Nenda, mdogo wangu, unanichelewesha kazi."

Nilirudi na furushi langu kwapani. Njia nzima nilibishana naye moyoni, kwamba ana kiburi, kwamba ningempa mwingine. Lakini neno lile, kwamba kaka alikuwa na adabu zake, lilikuwa limeniingia. Niliogopa. Nilikuwa nimebakiwa na kazi moja tu ya marehemu, na siku ya kwanza nilikuwa nimemwaibisha mtu kwa jina la kaka.

Jumapili sikuwa na sauti ya kuimba. Nikaenda kukaa mahali pake, safu ya mwisho. Mchungaji aliposema tuombe, watu wote walipiga magoti, nami nikachelewa kidogo kwa sababu goti langu linauma. Ndipo nilipoziona. Soli za kanisa zima zilikuwa zimenigeukia. Safu ya nne kushoto, soli zilizolika upande wa nje. Mbele zaidi, kisigino cha kulia kilichobaki kama kipande cha biskuti. Kulikuwa na kiatu kilichozibwa kwa karatasi ya boksi, na boksi lenyewe limeloa. Watu waliokuwa wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, ambao wakisimama huwezi kuwadhania, walikuwa wamepiga magoti na shida zao zimeangalia nyuma, ambako hakukuwa na mtu wa kuziona isipokuwa Gundi. Sikufumba macho katika sala ile. Naamini Mungu hakukasirika.

Baada ya ibada, mzee wa kanisa, yule mwenye kisigino kilicholiwa, alikuja kunipa mkono.

"Umekaa kwenye kiti chake," alisema.

"Mzee, naomba nikuulize. Kaka alikuwa anawapaje watu vile viatu?"

"Alikuwa hawapi." Mzee aliangalia huku na huku, akainama sikioni kwangu. "Mimi nimesahau viatu kwake miaka mitatu mfululizo. Na sijawahi kupeleka pale hata kimoja."

Mzee akacheka kimyakimya mpaka mabega yakatikisika. "Na wewe ulikuwa unatusema! 'Watu wa hapa mna usahaulifu gani!' Marehemu aliniambia, mvumilie, ndiye anayepinda vitambaa."

Wiki nzima nilijiuliza kama ule ulikuwa uongo, na kama ni halali kwangu kuuendeleza. Niliuombea. Jibu nililopata ni kwamba Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, miguu yangu ilisimama yenyewe.

"Bwana asifiwe! Kibanda cha marehemu kaka yangu kinafungwa. Wote mlioacha viatu vyenu kwake, tafadhali njooni mvichukue kabla ya Krismasi. Wengine mmeviacha muda mrefu mpaka mmesahau, lakini yeye alikuwa na kumbukumbu. Msinibakishie mzigo, jamani, fundi simu anataka chumba chake!"

Kanisa likacheka. Kwa mara ya kwanza niliona faida ya kuwa na sauti kama yangu, maana hakuna aliyeweza kujua namsema nani. Kule nyuma, karibu na nguzo, yule mama wa sokoni hakucheka. Alikuwa anaangalia kitabu chake cha nyimbo.

Wakaja, mmoja mmoja. Mzee wa kanisa alifika wa kwanza, akalalamika kwa sauti kwamba mafundi wa siku hizi wanakawiza viatu vya watu. Wa safu ya nne alikuja na mkewe, akamwambia, "Si nilikwambia viatu vyangu viko kwa fundi?" Mkewe akaangalia pembeni, akasema, "Uliniambia." Alikuja hata bwana mmoja ambaye aliacha kiatu kweli, kimoja, na hicho ndicho sijakipata mpaka leo. Kila aliyekuja na kitambaa cha mwaka jana alikiweka mezani kimefuliwa na kukunjwa. Mafurushi yakapungua, likabaki moja.

Mkesha wa Krismasi, mchana, nilikuwa nafungasha. Msharasi niliutia kwenye mkoba wangu, kalibu nikampa fundi viatu mwenzake. Lile furushi la mwisho lilikuwa bado juu ya rafu. Nilikuwa nimeamua kutomfuata tena. Nikisikia hatua nje nageuka, kumbe wapita njia. Nilipoacha kugeuka, mtu akakohoa mlangoni.

Alikuwa yeye, na ufagio wake mkononi.

"Hodi. Nimekuja kuchukua viatu vyangu," alisema. "Niliviacha kwa kaka Gundi."

Nikajikaza, nikashika kipande cha boksi kama karani.

"Karibu, mama. Uliviacha lini?"

"Mwezi wa nane."

"Vya rangi gani?"

Alikitazama kile kifurushi kule juu, ambacho hakikuonyesha kitu.

"Vyeusi," akasema.

Nilikishusha, nikakifungua. Vilikuwa vya kahawia. Tukaviangalia wote wawili.

"Marehemu alivibadilisha rangi," nikasema.

"Basi ndivyo vyenyewe," akasema. "Alikuwa hodari wa rangi."

Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka mpaka nikashika meza. Alikaa kwenye kigoda cha kaka, akavivaa polepole, akasimama, akabonyeza vidole. Vilimkaa kama vilivyopimwa, na kweli vilikuwa vimepimwa. Nilitaka kumwomba radhi ya siku ile sokoni, lakini aliniwahi. Alitoa kitambaa kwenye mfuko wa gauni lake, kimekunjwa vizuri.

"Hiki chenu cha mwaka jana. Ningekurudishia siku ile, ila hukunipa nafasi ya kusema."

"Nisamehe, mama."

"Yamekwisha. Umejifunza kazi."

Kisha akashika ufagio, akaanza kufagia kibanda, vumbi la ngozi na vipande vya uzi vya mwaka mzima.

"Acha, mama, hapa si sokoni, leo hufanyi kazi."

"Wewe nyamaza. Kaka yako alikuwa haniambii hivyo. Kila mkesha nilimfagilia."

Nikamshikia kizoleo.

Siku ya Krismasi kwaya iliniita, nikawaambia nitaimba nikiwa nyuma. Mchungaji alipotuambia tuombe, watu wakapiga magoti. Karibu na nguzo niliona soli mbili nene zenye michirizi ya tairi, hazijalika hata kidogo. Pembeni yake kulikuwa na viatu vya mtoto wa shule vilivyofunguka kwa mbele, namba mbili au tatu hivi. Nikaangalia safu, nikahesabu viti, nikaikariri. Ndipo na mimi nikapiga magoti.