Mwanangu Anasikia kwa Macho

Mimi ni mtu wa maneno. Kwenye vichanja tunapoanika usipa, dagaa wa ziwani kwetu, wachuuzi wanaoshuka kutoka Mbinga kununua samaki wananijua: anayejaribu kunipunja haondoki bila kuambiwa alivyo. Mume wangu husema ulimi wangu hauna breki. Lakini nikifika mlango wa ofisi ya walimu ulimi huohuo unakuwa mzito, mate yananikauka, na mikono sijui niiweke wapi. Nilikuwa hivyo nikiwa mwanafunzi, na utu uzima haukunisaidia kitu. Nawaogopa walimu, na mwaka ule binti yangu alipoingia darasa la tatu niliwaogopa kuliko wakati mwingine wowote.

Binti yangu hasikii. Sikio la kulia limekufa kabisa. La kushoto linaambulia vitu vikubwa tu: radi, injini ya boti, mlango ukibamizwa. Alizaliwa akisikia vizuri. Akiwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno, alishikwa na homa ikampanda kichwani, tukamkimbiza hospitali, na Mungu akatuachia mtoto wetu. Tuliporudi nyumbani nikawa namwita hageuki. Nilidhani ni deko la mtu aliyeumwa, nikamwacha adeke. Kumbe alikuwa hanisikii.

Tulianzia Mbinga, tukaelekezwa Songea. Daktari wa huko akampima, akaniambia taratibu kwamba masikio hayatarudi. Nililia palepale. Akaningoja nimalize, kisha akasema, "Lakini mama, huyu mtoto ameshajifunza mwenyewe. Anakusoma mdomo. Usiongee naye ukiwa umempa kisogo."

Nilipoanza kumwangalia vizuri nikaona ni kweli. Alikuwa hawezi kukaa akitazama kitu kimoja. Awe anachambua mchele, awe anaosha vyombo, kila baada ya muda mfupi aliinua kichwa, akazungusha macho kwenye nyuso zetu zote, akarudi kwenye kazi yake. Ndivyo alivyokuwa akisikia. Kinyasa cha nyumbani alikishika kwenye midomo yetu haraka kuliko hata nilivyokitamka. Kiswahili kilimchelewesha kidogo, lakini nacho alikipata.

Nilipompeleka kuandikishwa darasa la kwanza, mwalimu mkuu wa wakati ule alisema, "Mama, huyu si wa hapa. Atafutiwe shule ya bweni, ya watoto wasiosikia." Alisema kwa wema, na nimeambiwa shule hizo zinafundisha vizuri. Mimi nilisikia neno bweni tu. Nilimwona mwanangu amelala mahali nisipopajua, taa zimezimwa, anaumwa tumbo, na mtu anamuuliza jambo gizani. Gizani midomo haionekani. Nani atajua kwamba ni lazima kwanza amuwashie taa? Niliomba mpaka nikaona aibu. Mwalimu mmoja wa kike, aliyekaribia kustaafu, akasema, "Mwacheni kwangu kwanza." Tangu siku hiyo sikutaja tena masikio pale shuleni. Niliogopa kuwakumbusha.

Kwa mwalimu yule mwanangu alisoma vizuri. Alimkalisha mbele, akawa anafundisha ameelekea watoto, na akitaka kuandika ubaoni ananyamaza kwanza. Kisha akastaafu, akaenda kwao. Mwalimu mkuu naye akahamishwa, akaja mwingine kutoka mkoa wa mbali. Ndipo mwanangu akaingia darasa la tatu, kwa mwalimu kijana, binti wa Ukata huko milimani, msafi, mwenye juhudi, na darasa lililofurika hadi mlangoni. Hakuna aliyemwambia chochote. Mimi nami niliingoja siku ya kumwambia, na kila asubuhi nikaona si leo.

Huku kwetu ziwani, na kule milimani alikolelewa mwalimu ni vivyo hivyo, mtoto akisemwa na mkubwa hupiga magoti na kutazama chini. Kumtazama mkubwa usoni wakati anakukanya ni kumwambia hujamwogopa. Mtoto anayefanya hivyo watu husema amekosa malezi, na lawama inakwenda moja kwa moja kwa mama yake. Sasa fikiria mtoto ambaye, kadiri unavyomkaripia, ndivyo anavyozidi kukukazia macho mdomoni, kwa sababu anaona umekasirika na anataka sana kujua umesemaje.

Siku moja mwanangu alirudi nyumbani viganja vimevimba kwa fimbo. Nikamshika mkono, nikamuuliza. Akasema, "Mwalimu kasema nisimtazame. Kasema nina kiburi."

Hasira ilinipanda hadi machozi yakanitoka, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Mume wangu alizitazama zile alama, akasema, "Ukienda kumsema mwalimu, wewe utarudi nyumbani. Mtoto atabaki naye." Nikimgombeza mwalimu, atamchukia mtoto. Nikieleza kuhusu masikio, watasema bweni. Nikinyamaza, atapigwa. Nililala na mambo hayo matatu, nikaamka nayo, nikaenda nayo kwenye vichanja, na usipa wangu ukaungua jua bila kugeuzwa.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko fimbo. Mwanangu alijifunza. Yeye ni mwepesi wa kujifunza, sikuzote. Aliona kwamba akitazama chini hapigwi kwa kiburi, basi akatazama chini. Mwalimu akiuliza swali, anatazama chini, hapati swali, hajibu, anachapwa kwa kutojibu, anainama zaidi. Akaanza kuinama hata nyumbani. Nikimwita kwa kumgusa bega, anatazama miguu yangu. Tukila, anatazama sahani. Ile tabia yake ya kuinua kichwa na kuzungusha macho ikapungua, mpaka nikagundua kwamba sijaiona muda mrefu. Majirani wakaanza kunisifu: siku hizi binti yako ana adabu.

Asubuhi moja alikuwa ziwani anaosha masufuria, maji yakimfika magotini. Boti za usipa zilikuwa zinarudi. Boti ikikaribia ufuko, nahodha huzima injini, akaliachia wimbi liilete, nayo huja kimya na kwa kasi, hivyo watu wa ufukweni hupiga kelele ili walio majini wapishe. Zamani sikuwa na wasiwasi. Asingesikia kelele, lakini angeinua kichwa, angeona watu wanavyokimbia, angekimbia nao. Siku hiyo wenzake wote walitoka majini. Yeye alikuwa ameinama, anasugua masizi.

Nilikuwa juu, kwenye vichanja. Nilipiga kelele jina lake, jambo la kijinga kabisa, na nikaendelea kulipiga huku nakimbia. Mchanga ulinivuta miguu. Niliona pua ya boti na mgongo wa mwanangu, na katikati yake maji yakipungua. Nikajua sifiki. Mvuvi mmoja aliruka kutoka botini, akaisukuma kwa bega, boti ikapinda na kumpita pembeni, ikayachota masufuria yote.

Aliona masufuria yanaelea. Akatazama watu, akaona midomo yote wazi, nyuso zote kali. Akapiga magoti palepale majini, akainamisha kichwa. Alidhani anasemwa.

Nilimbeba hadi nyumbani, mtoto mkubwa vile, na sikumwachia hata nilipofika. Nilimwambia mume wangu, "Kesho naenda." Safari hii hakunizuia.

Nilikwenda na mtoto. Ofisini alikuwepo mwalimu mkuu, mtu mzima, mpole wa sauti. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanionyesha kiti. Sikukaa. Akamwita mwalimu wa darasa, naye akaja na vumbi la chaki mikononi, akaniamkia kwa heshima. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu mbaya, na hilo likanipunguzia nguvu. Nikaanza kueleza: homa, Songea, masikio, midomo, fimbo, boti. Sauti yangu ilikuwa ndogo, sijui ilitoka wapi.

"Mimi sikujua kama hasikii," mwalimu akasema, na nilisikia kwamba ameshtuka. "Hakuna aliyeniambia. Lakini mama, ananikodolea macho mbele ya darasa zima. Nikimwachia yeye, kesho darasa zima litanikodolea. Nitalishikaje?"

Mwalimu mkuu akapumua. "Kama hali ndiyo hiyo," akasema, "labda tumsaidie apate shule inayomfaa. Ya bweni."

Hapo ndipo nguvu ziliponiishia. Lilikuwa neno lile nililolikimbia miaka yote, na nilikuwa nimeliletea mtoto mwenyewe kwa mkono wangu. Nikajaribu kusema hapana, kikatoka kitu kisichoeleweka.

"Mama," mwalimu mkuu akasema, "mbona unaongea na sakafu? Sikupati vizuri. Hebu inua uso."

Kweli nilikuwa natazama sakafu. Tangu nimeingia nilikuwa natazama sakafu, kama nilivyofundishwa kusimama mbele ya wakubwa. Nikageuka kumtazama mwanangu. Alikuwa pembeni yangu, kidevu kifuani. Tulikuwa watu wazima watatu tunaamua maisha yake, na hata kama angethubutu kuniangalia asingeambulia hata neno moja, maana mdomo wa mama yake ulikuwa umeelekezwa chini.

Nikainua uso. Ulimi wangu wa kwenye vichanja ukarudi, sijui kwa neema gani.

"Hunipati kwa sababu nimeinama," nikamwambia, "na wewe una masikio mawili mazima. Huyu je? Macho ndiyo masikio yake. Mkimfundisha kuinama mnamziba masikio aliyobaki nayo. Jana nusura afe, ameinama kwa adabu mliyompa, na huko bweni akienda akiwa ameinama hivi atasikia nini?" Sikuacha kuwatazama. "Mimi siombi makubwa. Akae mbele. Mwalimu asifundishe ameelekea ubaoni. Asipigwe kwa kutazama, na wenzake waambiwe kwa nini yeye anaruhusiwa. Watoto wakielezwa wanaelewa."

Nilijua nimevuka mpaka, na nikangoja kufukuzwa. Mwalimu mkuu alimtazama mwalimu wa darasa. "Unaweza?" akamuuliza.

Mwalimu wa darasa alikuwa anamtazama mwanangu. "Nitazame," akamwambia. Mtoto hakusogea. Akasema tena kwa sauti kubwa, kisha akajishika mdomo, akakumbuka. Akamgusa bega kwa kidole. Mwanangu akashtuka, akanyoosha viganja vyote viwili mbele yake, tayari kwa fimbo, kichwa kimeinama vilevile.

Mwalimu akachuchumaa. Sijawahi kumwona mwalimu akichuchumaa mbele ya mtoto. Sketi yake iligusa sakafu, akashuka hadi uso wake ukawa chini ya uso wa mwanangu, mahali ambapo macho yaliyoinama hayana budi kuukuta. Mwanangu akayafumba. Nilitaka kumshika, nikajizuia. Tukangoja, na nilisikia watoto wa madarasa mengine wakiimba jedwali la hesabu.

Alipofumbua hakutazama uso wa mwalimu. Alitazama mikono yake, wa kulia kisha wa kushoto. Mwalimu akaelewa alichokuwa anatafuta. Akaifungua mikono yote, mitupu, yenye chaki, akaiweka juu ya magoti yake. Macho ya mwanangu yakapanda polepole, yakapita shingoni, yakasimama mdomoni.

"Mwalimu," akasema kwa ile sauti yake isiyojua ina ukubwa gani, "nimekosa nini?"

Uso wa mwalimu uliharibika. Akajikaza, kwa sababu mdomo unaolia hausomeki. Kisha akatamka taratibu, kwa uso mzima, "Hujakosa."

Mwanangu aliukazia macho ule mdomo hata baada ya kufungwa. Hakuamini kwamba amelisoma vizuri. Akanigeukia mimi, akanitazama mdomoni, nami nikamrudishia neno hilo kwa Kinyasa.