Mama Mdogo na Mawimbi ya Kitangiri

Enzi za Mwingereza, kwetu Misigiri, maji tuliyoyajua yalikuwa ya kisima na ya mvua. Nilipopelekwa kwa bibi mzaa mama, kando ya Ziwa Kitangiri, ndipo nilipoona mawimbi kwa mara ya kwanza, na mama yangu mdogo akiyapanda. Alilala kifudifudi juu ya ubao wa mtumbwi uliovunjika, wimbi likamleta mpaka mchangani huku akipiga kelele kama mwehu. Nilimpenda siku hiyohiyo. Alinizidi umri kidogo tu, lakini shikamoo yake aliidai kila asubuhi, tena mikono kiunoni.

Alikuwa amechumbiwa na kijana wa reli kule Manyoni, na ng'ombe wa mahari walikwisha kufika. Nilipomlilia asiende, akaniambia, "Siendi popote mpaka ujue kupanda wimbi peke yako." Nikaamini, maana nilitaka kuamini. Kila siku upepo wa mchana ulipoanza, nilikuwa wa kwanza majini.

Kilichoniponza ni uchungaji. Nyumbani hatukuwa na mvulana, ng'ombe nilichunga mimi, na kila mchungaji anajua kwamba ukimpata ng'ombe wa mbele umelipata kundi zima. Basi mawimbi yalipokuja kwa kundi, nami nililirukia la mbele. Lilikuwa dogo, likanipita. Yale makubwa ya nyuma yakanikuta nimekaa kombo, yakanibwaga. Nililinywa ziwa lile mpaka tumbo likauma.

"We mchunga ng'ombe!" mama mdogo alinicheka. "Haya hayana kiongozi. La mbele liache lipite. Tazama kule maji yaliko meusi. Likinyanyuka kule, geuka, upige maji kwa mikono kabla halijakufikia."

"Nitajuaje kwamba ndilo lenyewe?"

"Ng'ombe anayetaka kukupiga pembe unamjuaje?"

"Huinamisha shingo kwanza."

"Haya, umejijibu."

Siku moja upepo ulikuwa mkali kweli. Nikaliacha la mbele lipite, nikaliacha na la pili. Kule kwenye weusi nikaliona moja linanyanyuka, likainamisha shingo. Niligeuka, nikapiga maji kwa nguvu zangu zote. Ubao ukainuka chini ya tumbo langu, nikaenda, nikaenda, mpaka mchanga ukanikwaruza viwiko. Mama mdogo akapiga vigelegele. Nami nilianza kurukaruka kwa furaha, kisha nikakumbuka alivyoniahidi kwamba haendi popote mpaka nijue.

Nikamkimbilia na ubao wangu. "Nimebahatisha tu, mama mdogo. Bado sijui kabisa."

Vigelegele vikakatika. Akapiga magoti mchangani, akanifuta maji usoni kwa upindo wa kaniki yake.

"Umejua, mwanangu," alisema. "Asiyejua husema amejua."

Nikaushika ule upindo wa kaniki kwa mikono miwili, nikagoma kuuachia.