Nilizimua Dawa ya Sahani, Bi Zaina Akaamini Ng'ombe Wake Ni Mzima

Kosa ni langu peke yangu, sitafuti wa kunitetea. Naomba tu mmalize kusoma kabla ya kutukana.

Nafanya kazi kwenye maabara ya mifugo hapa Tanga. Naandaa sahani za plastiki za kupimia ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe. Sahani ina vishimo vidogo vidogo. Unapaka kila kishimo dawa iliyotokana na kijidudu cha ugonjwa, unalaza kwenye friji, kesho yake unaosha, ndipo majimaji ya damu ya ng'ombe yanatiwa. Mwisho inawekwa dawa ya rangi. Kishimo cha ng'ombe mgonjwa kinakuwa buluu. Cha mzima kinabaki cheupe.

Sasa, mimi nimelelewa Nguvumali na mama muuza maziwa. Tuseme ukweli: mama aliyaongeza maji, kidogo, kwa heshima. Wateja hawakulalamika.

Siku hiyo dawa ya kupaka ilikuwa inakaribia kwisha na mzigo mpya umechelewa. Nikapiga hesabu, nikairudia: nikiizimua mara mbili ya kawaida, sahani zinakuwa mara mbili. Nikazimua.

Daktari, mkubwa wangu, akashangaa. "Mbona sahani zimezaa?"

"Nimebana matumizi, Daktari."

"Wewe ulistahili kuwa waziri wa fedha!"

Nikachekelea. Mjinga mimi!

Kila sahani ina vishimo vya mfano, vyenye damu tunayojua ni ya mgonjwa. Hivyo lazima vikolee upesi. Vyangu vikabaki buluu hafifu, kama maji ya kusuuzia kanzu. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Mimi nikavipa muda. Muuzaji ukimpa muda analegea, nikadhani na rangi ni hivyo hivyo. Ikapanda kidogo, nikaandika: sahani inafaa.

Bi Zaina, si jina lake, anafuga Pongwe na kuuzia majirani maziwa. Alikuja kuchukua majibu ya ng'ombe wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, nipe habari. Yule mweusi alinitupia ndama, moyo haujatulia."

"Wote wazima, mama."

"Una hakika?"

"Nimeangalia mara mbili."

Na kweli niliangalia mara mbili. Sahani ile ile mbovu.

Mweusi akatupa mimba tena. Bi Zaina akamsaidia kwa mikono mitupu, maana nilimwambia ni mzima. Baada ya muda mwanawe akatuletea habari: mama ana homa isiyokatika, magoti hayamwinui, na hospitali wanasema kaupata kwa ng'ombe.

Ningeweza kunyamaza. Sahani zilishatupwa. Lakini majirani walikuwa bado wanakunywa maziwa yale! Nikaingia kwa Daktari, nikasema yote.

Hakutania safari hii. "Sahani hizo zimepima ng'ombe wa nani wengine?"

Tukawapima upya ng'ombe wote. Wagonjwa wengine walikuwemo, nao nilikuwa nimewaandika wazima. Mimi nikatolewa kwenye meza ya sahani, sasa naosha chupa. Ni haki.

Nikaenda Pongwe mwenyewe. Bi Zaina alikuwa kwenye mkeka, mto chini ya magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hukukosea," akasema. "Ulinipunja."

"Ndiyo, mama."

"Buchani wakinipunja nyama narudi kuongezewa. Haya, magoti nirudishe kwa nani?"



Nyie mnaoandaa vipimo popote mlipo, baneni sabuni, baneni chai ya ofisini. Dawa ya kupaka iacheni kama ilivyoandikwa. Na kishimo cha mfano kikikataa kukolea, usikibembeleze! Tupa sahani nzima, kamwambie mkubwa wako siku hiyo hiyo. Atakufokea. Fokewa! Kuna mtu kashika ndoo anasubiri umwambie kama akamue.