Tangazo Lililojazwa Lumbesa

Nililisoma lile tangazo mara tatu nikiwa kwenye meza yangu ya kutengenezea simu, Makambako, na kila mara damu ilinichemka zaidi. Kampuni changa ya Njombe ilikuwa inatafuta mtu wa kuunda programu za simu. Kazi niliyoisomea ndiyo hiyo. Miaka miwili nilikuwa nabadilisha vioo vya simu za watu huku nikiisubiri, na mwenye fremu ya duka niliyopanga alitaka jibu kabla ya Jumatatu: naendelea kupanga au naachia.

Kwa hiyo nilitaka sana tangazo lile liwe zuri. Nilichukua kalamu, nikaanza kulikagua kama ninavyokagua simu iliyoingia maji. Walitaka mtu mmoja. Mtu huyo aunde programu za simu za aina zote, atunze seva, achore nembo, ajibu malalamiko ya wateja, na awe na leseni ya pikipiki ili akaandikishe wakulima mpaka Ipelele. Pikipiki! Awe na uzoefu wa miaka mitano, lakini pia awe "kijana mwenye njaa ya mafanikio". Mshahara "mnono, utajadiliwa". Mshahara mnono ungeandikwa kwa herufi kubwa juu kabisa, wala usingejificha.

Mwishoni, kwa herufi ndogo, ndipo waliponimaliza. Kila mwombaji atengeneze kwanza programu nzima, kuanzia ukurasa wa kujisajili mpaka malipo, ndani ya siku saba, bila ujira, na kazi zote zitakazotumwa zitakuwa mali ya kampuni, hata za watakaokosa. Yaani wangeweza kuvuna jasho letu sote na wasimwajiri hata mmoja. Na programu yenyewe ilikuwa ya nini? Ya kumsaidia mkulima wa viazi auze kwa mizani, ili lumbesa ikome. Nilicheka kwa hasira mpaka mteja akaniuliza kama simu yake ndiyo imekufa.

Jumamosi nikaenda Uwemba kumsaidia mama kufunga viazi. Mama anaijua lumbesa kuliko watu wote wa kampuni ile. Gunia likiishia mdomoni mnunuzi halitaki; lazima uongeze viazi juu, uvizungushie kamba mpaka kichwa kisimame, na bei inabaki ileile ya gunia moja. Nilipomsomea tangazo hakuacha kushona.

"Omba tu, mwanangu," alisema.

"Mama, wanataka nifanye kazi ya watu watano."

"Na sisi hapa tunafanyaje? Ukikataa kuongeza, gari linaenda kwa jirani. Wewe jaza, wakuchukue."

Hapo nilikasirika kuliko nilivyolikasirikia tangazo. Sikumkasirikia yeye. Niliikasirikia miaka yote iliyomfanya aseme vile bila hata kuinua macho. Nilijikasirikia na mimi, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshaanza kupanga ukurasa wa kwanza wa ile programu.

Nikaipiga namba iliyokuwa kwenye tangazo. Alipokea mkurugenzi mwenyewe, kijana mwenye sauti ya ukarimu. Nilimuuliza maswali mawili tu: mshahara ni kiasi gani, na kwa nini kazi ya mtu mliyemkataa iwe yenu?

"Dada," alisema, "sisi hapa ni familia. Tunatafuta mtu mwenye moyo, siyo mtu wa kuanza na maswali."

"Familia yangu nikiilimia, kaka, inanipa chakula."

Akakata simu.

Mama alikuwa amesikia. Sindano yake ilikuwa imesimama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Ndiyo umeikosa?"

"Nimeikosa, mama. Jumatatu nitamwambia mwenye fremu kwamba naendelea."

Aliitazama simu mkononi mwangu, kisha akalitazama gunia.

"Na hao ndio wanaokuja kutuondolea lumbesa?"

Gari la mnunuzi lilikuwa limeshaanza kupiga honi barabarani. Mama akaweka goti juu ya gunia, akanyoosha mkono, akaomba viazi vingine, vile vikubwa, na mimi nikampa.